Kuachia, mteremko, breki ya DC au rizista: uisimamishe vipi mota yenye inveta?

Inveta ikishafungwa na mota ikazunguka, wengi tunahesabu kazi imekwisha. Namna ya kusimama inaachwa vilevile ilivyotoka kiwandani, na kiwanda hakijui kama mota yako inaendesha pampu, msumeno wa mbao au kinu cha mahindi. ABB ACS355 ikitoka kwenye boksi inaachia mota izunguke mpaka isimame yenyewe. Altivar 312 ya Schneider inaishusha kwa sekunde 3. Siemens V20 inaishusha kwa sekunde 10. Ukitoa ya kampuni moja ukafunga ya nyingine bila kugusa mpangilio, mashine ileile itasimama kwa tabia tofauti kabisa, na mwendeshaji mwenye mazoea ya zamani ndiye anayepeleka mkono mahali ambapo jana palikuwa salama.

Nazungumzia inveta ya mota ya feizi tatu, yaani kifaa kinachoongoza kasi ya mota kwa kubadilisha frikwensi ya umeme wake, si ile ya sola na betri. Hesabu zote ni za umeme wa volti 400.

Maswali ya kujibu kabla ya kugusa parameta

Kila njia hapa nitaipima kwa maswali manne. Nishati ya kinachozunguka inakwenda wapi? Mashine itasimama kwa muda gani, na je, muda huo unatabirika? Unahitaji kununua nini cha ziada? Na umeme ukikatika katikati ya kazi, kinatokea nini?

Swali la kwanza ndilo linaloyabeba mengine, kwa hiyo tulitolee hesabu. Chukua kinu chenye mota ya kilowati 7.5, rota na puli zake zikiwa na momenti ya inesha (kipimo cha ugumu wa kuvizungusha au kuvisimamisha) ya kg·m² 2, ikizunguka mara 1,450 kwa dakika. Humo ndani kuna nishati ya kilojuli 23 hivi. Ukitaka isimame kwa sekunde 10, unaondoa wastani wa kilowati 2.3, na mwanzoni kabisa mwa kushuka, kasi ikiwa bado kubwa, ni kilowati 4.6. Hizo kilowati hazipotei hewani kwa kubonyeza kitufe. Lazima ziingie mahali, na tofauti kati ya njia hizi ni mahali zinapoingia.

Kuachia izunguke mpaka isimame

Inveta inafunga transista zake na mota inabaki haina umeme. Nishati inaliwa na msuguano wa beringi, mikanda, hewa, na mzigo wenyewe. Hununui kitu, na inveta haiwezi kutripu (kujizima kwa kosa) kwa voltiji kubwa kwa sababu hakuna kinachorudi kwake.

Muda wa kusimama hauko mikononi mwako. Pampu iliyojaa maji inasimama haraka. Kinu cha nyundo kisicho na nafaka kinaweza kuzunguka dakika kadhaa, na kibaya ni kwamba kinazunguka kimya. Kelele ya mota imekwisha, mtu anafungua mfuniko abadilishe chekeche, nyundo bado zinakata hewa.

Umeme ukikatika, tabia ni ileile. Huo ni ubora wake mmoja mkubwa: mwendeshaji hazoei kusimama kwa haraka ambako siku ya mgawo hakutakuwepo.

Tatizo lake lingine ni kuwasha tena mapema. Mota ikiwa bado inazunguka na inveta ikaanza kutoka Hz 0, itatripu, ama kwa mkondo ama kwa voltiji. Washa kipengele cha kudaka mota ikiwa mwendoni (herufi na namba zinazofuata ni majina ya parameta, yaani vipengele vya mpangilio wa inveta): FLr kwa Schneider, P1200 kwa Siemens, na kwa ABB utakipata ndani ya 2101. Feni kubwa zinazosukumwa na upepo hata zikiwa zimezimwa zinakihitaji zaidi kuliko mashine nyingine yoyote.

Njia hii inawafaa wenye feni, blua, na pampu za njia fupi, pamoja na mashine yoyote ambayo mkono wa mtu haufikii sehemu inayozunguka.

Kushusha kwa mteremko

Hapa inveta haiachii. Inaendelea kuishika mota huku ikipunguza frikwensi kutoka Hz 50 hadi 0 kwa muda uliouweka: dEC kwa Schneider, P1121 kwa Siemens, 2203 kwa ABB baada ya kuweka 2102 kuwa 2.

Rota ikizunguka haraka kuliko frikwensi inayopewa, mota inageuka jenereta. Umeme wake unarudi ndani ya inveta na kujaa kwenye kapasita, kwa sababu dayodi za upande wa kuingilia hazina njia ya kuurudisha gridi. Volti za DC (umeme wa mkondo mmoja ulio kwenye kapasita hizo), ambazo kwa kawaida ziko karibu 565, zinapanda. Zikikaribia 800, zaidi au pungufu kidogo kulingana na muundo, inveta inatripu ili ijilinde. Na ikitripu, inaachia. Kwa hiyo anayeweka sekunde 2 kwenye kinu kizito akitafuta kusimama haraka anaishia na mashine inayochukua dakika kadhaa, na kosa limewaka kwenye skrini.

Bila rizista, mota na inveta zenyewe zinameza takribani asilimia 15 hadi 20 tu ya toku (nguvu ya kuzungusha) ya kawaida ya mota. Kwa kinu chetu hiyo ni Nm 10 hivi, maana yake mteremko ambao hautatripu uko karibu na sekunde 30. Msuguano utakupunguzia kidogo. Ukitaka kujua kwa hakika badala ya kubahatisha, fungua skrini ya volti za DC (0107 kwa ABB, r0026 kwa Siemens), zima mashine, na tazama tarakimu zinavyopanda. Zikiishia 650 una nafasi ya kufupisha. Zikigusa 750, umefika ukingoni, ongeza sekunde.

Inveta nyingi zina mlinzi wa voltiji anayerefusha mteremko mwenyewe anapoona volti zinapanda: brA kwa Schneider, P1240 kwa Siemens, 2005 kwa ABB. Kwa pampu na mikanda ya kusafirishia mizigo mwache afanye kazi yake. Ila ujue kwamba akiwepo, sekunde ulizoandika si ahadi tena. Umeandika 5, mashine inachukua 18, na hakuna kosa lolote litakaloonekana.

Hakuna cha kununua. Umeme ukikatika, mteremko nao umekatika, na mashine inajizungukia.

Mwenye pampu ya kusukuma maji mlimani ndiye anayenufaika zaidi. Ukiikata ghafla, maji yaliyo bombani yanarudi na kugonga vali kwa kishindo kinachopasua viungo. Mteremko wa sekunde 10 au 15 unaondoa kishindo hicho. Pampu ya kisimani, ile inayozama, ina sharti lake: beringi ya chini ya mota inabebwa na utando wa maji unaotokea kasi ikiwa ya kutosha. Franklin Electric wanataka mota ivuke kutoka 0 hadi Hz 30 ndani ya sekunde moja wakati wa kuwaka, na ishuke kutoka Hz 30 hadi 0 ndani ya sekunde moja wakati wa kuzima. Mteremko mrefu uweke juu ya Hz 30 pekee, kwa kutumia mteremko wa pili kama inveta yako inao. Aliyeweka sekunde 20 mfululizo kwa nia ya kuitunza pampu anailia beringi kila siku.

Breki ya DC

Inveta inapeleka mkondo wa DC kwenye koili za mota. Uga wa sumaku unasimama tuli, rota inayozunguka inaukata, na nishati yote inageuka joto ndani ya rota. Volti za kapasita hazipandi, kwa hiyo haitripu kwa voltiji kubwa, na hununui kitu. Wengi wanaipenda hapo.

Gharama yake iko ndani ya mota. Zile kilojuli 23 zinaishia kwenye rota, huku feni ya kupoza iliyofungwa kwenye shafti ileile ikizidi kupunguza mwendo. Kusimama mara moja kwa saa hakuna shida. Kusimama kila dakika kunaipika insulesheni. Tena kwenye kasi kubwa breki hii ni dhaifu. Nguvu yake inakuja mota ikiwa imebakiza Hz chache.

Ndiyo maana naona nafasi yake halisi ni mwishoni mwa mteremko: shusha mpaka Hz 2 au 3, kisha DC ya nusu sekunde hadi sekunde moja imalizie, ili mkanda usitambae sentimita za mwisho. Kwa Schneider ni Adc pamoja na SdC1 na tdC1, kwa ABB ni 2104, 2106 na 2107, kwa Siemens ni P1232 na P1233. Kwenye V20 angalia P1234 pia. Ndiyo frikwensi ambayo DC inaanzia, na kiwandani imewekwa juu sana kuliko Hz 50, kwa hiyo ukijaza P1233 peke yake DC itaingia mota ikiwa kwenye kasi yake yote.

Isitumike kushikilia mzigo unaoning'inia. Rota ikishasimama kabisa haikati uga, na isipokata hakuna toku. Mzigo utateremka polepole. Umeme ukikatika, breki ya DC nayo haipo.

Inawafaa wenye mikanda, meza za kuzungusha, mashine za kufungasha zenye uzito mdogo, na feni inayohitaji kutulizwa kabla ya kuwashwa.

Rizista ya breki

Hii ni mteremko uleule, ila nishati imetengenezewa njia ya kutokea. Volti za DC zikipanda hadi kiwango fulani, transista moja ndani ya inveta, iitwayo chopa, inafungulia rizista ya nje na nishati inageuka joto huko. Mota inabaki na hali nzuri, muda unatabirika, na unaweza kusimama mara nyingi kwa saa.

Kwanza hakikisha chopa ipo. ACS355 na Altivar 312 zinayo ndani. Altivar 12 haina, inataka moduli ya nje. V20 za saizi ndogo nazo zinataka moduli. Kama haipo, rizista haina pa kufungwa, na kamwe isifungwe moja kwa moja kati ya chanya na hasi ya DC. Hapo umetengeneza hita isiyozimika.

Kisha omu. Kitabu cha inveta kinataja omu za chini zinazoruhusiwa, na kushuka chini ya hapo kunaunguza chopa. Omu nyingi mno nazo hazimezi vya kutosha. Kwa kinu chetu, rizista ya omu 100 kwenye volti 750 inameza kilowati 5.6, na tulihitaji 4.6, kwa hiyo inatosha kama kitabu kinairuhusu. Wati zinategemea unasimama mara ngapi. Kilojuli 23 kila dakika mbili ni wastani wa wati 190 hivi. Rizista ya wati 500 ina nafasi, mradi jedwali la mtengenezaji wake linakubali mzigo mkubwa wa sekunde 10.

Ukishafunga, zima yule mlinzi wa voltiji: brA iwe hapana, P1240 iwe 0, 2005 izimwe. Kwa V20 yenye chopa ndani washa na P1237. Hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mlinzi akibaki kazini anarefusha mteremko kabla volti hazijafika kiwango cha chopa, na pesa ya rizista imekwenda bure. Kulijua ni rahisi: baada ya kusimamisha mara kadhaa, sogeza kiganja karibu na rizista bila kuigusa. Ikiwa baridi, haijafanya kazi.

Mahali pa kuifunga ni jambo la moto kwa maana yake halisi. Kwenye viwanda vya mbao, kama vile vya Mafinga, unga wa msumeno unatua juu ya kila kitu. Rizista ifungwe kwenye chuma, nje ya boksi la inveta, mbali na mbao, ikiwa na kifuniko cha wavu na swichi ya joto inayokata kontakta kuu ya kuingiza umeme. Kukata amri ya kuwasha pekee hakutoshi, kwa sababu chopa ikiharibika kwa kujifunga, rizista itaendelea kuwaka hata mota ikiwa imesimama.

Kwa msumeno wa duara kuna hadhari nyingine. Uingereza, mamlaka ya usalama kazini, HSE, inataka breki ishushe muda wa kusimama wa mashine za mbao kuwa chini ya sekunde 10, na hicho ni kipimo kizuri kwetu pia. Lakini usikimbilie sekunde 1. Breki kali inaweza kulegeza nati inayobana diski, kwa sababu diski inataka kuendelea na shafti imeshasimama. Weka sekunde 7 au 8, piga alama ya chaki kwenye nati na kwenye diski, simamisha mara kadhaa, kisha tazama kama alama bado zimenyooka. Mikanda ya V nayo itakuambia: ikilia wakati wa kusimama, toku ya breki imezidi uwezo wake.

Umeme ukikatika, usitegemee rizista. Inawafaa wenye misumeno, sentrifuji, vinu vinavyofunguliwa mara kwa mara, na winchi zinazoshusha mizigo. Zipo pia inveta zinazorudisha umeme gridi, lakini bei yake inaeleweka kwenye kreni na lifti kubwa zinazofanya kazi kutwa.

Breki ya springi si mshindani wa hizi

Njia zote nne ni za umeme, na zote zinategemea umeme uwepo au hazishiki kabisa. Kinachoshikilia mzigo taa zikizimika ni breki ya springi, ile inayobana yenyewe na kufunguliwa na koili. Mota nyingi za winchi huja nayo, koili yake ikiwa imeunganishwa ndani ya boksi la mota. Ukifunga inveta, itoe hapo na uipe umeme wake wa kudumu kupitia kontakta inayoongozwa na rilei ya inveta. Ukiiacha kwenye terminali za mota, kwenye frikwensi ndogo volti hazitoshi kuifungua, na mota itakuwa inavuta dhidi ya breki yake.

Amri ya kuwasha na kuzima: waya mbili au tatu

Uchaguzi huu unakwenda sambamba na ule wa breki, kwa sababu unaamua kinachotokea umeme ukirudi.

Waya mbili ni swichi moja inayokaa: imefunga, mota inazunguka, imefungua, inasimama. Ni rahisi, na inakubaliana na floti ya tanki au swichi ya presha. Umeme ukirudi na swichi bado imefunga, mashine inaweza kuanza yenyewe, kutegemea mpangilio. Waya tatu ni vitufe viwili vya kubonyeza na kuachia, cha kuzima kikiwa kimefungwa muda wote. Umeme ukirudi, mashine inangoja mtu. Waya wa kitufe cha kuzima ukikatika, mashine inasimama. Kwa Altivar 312 uchaguzi uko kwenye tCC, 2C au 3C, na inabidi ushikilie kitufe cha ENT kwa sekunde 2 ndipo ikubali.

Mashine yenye mtu mbele yake naiwekea waya tatu bila kusita, na kujiwasha upya baada ya kosa (Atr, P1210) kunabaki kumezimwa. Ukiwa kwenye waya mbili, kujiwasha huko kuwe mahali ambapo hakuna mkono unaoweza kuwa ndani.

Usiwashe na kuzima mashine kwa kontakta ya kuingizia umeme kwenye inveta. Kila ukifanya hivyo kapasita zinajazwa upya, na sakiti ya kuzijaza inachakaa. Na ukizima ili ufungue boksi, ngoja angalau dakika 5, au zaidi kama kitabu kinavyosema kwa saizi yako, kisha pima DC kwa mita.

Kwa hali yako

Ukiwa na feni au blua iliyofungiwa ndani ya kava, achia, na washa kudaka mwendoni.

Pampu ya juu ya ardhi yenye bomba refu: mteremko wa sekunde 10 na kuendelea, mlinzi wa voltiji akiwa kazini, waya mbili na floti. Pampu ya kisimani: ivuke Hz 30 haraka, kwenda na kurudi, na weka muda wa kungoja kabla ya kuwasha tena kama vali ya kuzuia maji kurudi haiaminiki, maana safu ya maji ikishuka inaizungusha pampu kinyume.

Mkanda wa kusafirishia unaotakiwa kusimama palepale: mteremko, na DC fupi mwishoni.

Kinu kinachosimamishwa jioni tu: mteremko mrefu wa sekunde 30 au zaidi, waya tatu, na swichi kwenye mfuniko. Kumbuka swichi hiyo inakata amri, haisimamishi rota, kwa hiyo kufuli ya mfuniko iwe ya kungoja mpaka mwendo uishe. Kinu kinachofunguliwa kila saa kubadilishia wateja unga wa dona na sembe kinastahili rizista.

Msumeno: rizista, waya tatu, sekunde zisizozidi 10, na kitufe cha dharura kifikirie upya. Vitufe vingi vya dharura hukata nguvu ya mota mara moja, na diski inajizungukia. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa umeme wa mashine, IEC 60204-1, kinaruhusu njia nyingine, ya kusimamisha kwanza kwa mteremko kisha kukata, na kwa diski yenye inesha kubwa hiyo ndiyo inayomfaa mtu aliyebonyeza kitufe. Itekelezwe kwa rilei ya usalama yenye kuchelewesha, si kwa parameta peke yake.

Winchi: rizista kwa kushusha, springi kwa kushikilia, na jaribio la kuzima swichi kuu mzigo wa majaribio ukiwa umenyanyuliwa nusu mita, watu wote wakiwa wamesogea pembeni. Mzigo usiposimama palepale, winchi hiyo isinyanyue kitu kingine mpaka breki ifunguliwe na kukaguliwa.